Dhahabu Iliyookolewa na Kuzama

Kabla ya mwaka 1988, mkusanyaji aliyetaka sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1857, yenye herufi S ya San Francisco na ikiwa bado mpya, alikuwa na kazi ngumu. Nyingi zilizokuwepo zilikuwa zimechakaa. Nywele za sanamu ya Uhuru zilikuwa zimelika, na manyoya ya tai wa upande wa pili yamelainika kwa miaka ya kupita mikononi, mifukoni na juu ya meza za mabenki. Leo mambo yamepinduka. Hakuna sarafu ya dola 20 ya miaka ya 1850 iliyo rahisi kuipata katika hali ya upya kuliko hiyo, na hakuna inayogombewa zaidi yake. Sokoni tumezoea kwamba kitu kikizidi, bei huanguka. Hii ilizidi, ikapanda.

Sababu ni meli moja, SS Central America, iliyozama usiku wa Septemba 12, 1857, kiasi cha kilomita 260 kutoka pwani ya Carolina ya Kusini. Kutoka tumboni mwake zimepandishwa sarafu zaidi ya 5,400 za aina hiyo moja, nyingi zikiwa hazijawahi kununua hata mkate.

Sarafu yenyewe si ya kupuuzwa. Ina kipenyo cha milimita 34 na uzito wa gramu 33 na ushee, ambamo gramu 30 ni dhahabu tupu. Kilichobaki, zaidi ni shaba, kimechanganywa humo ili isilike upesi. Mchoro ni wa James B. Longacre, mchongaji mkuu wa serikali wa wakati ule. Kibarua wa New York alihitaji wiki kadhaa za jasho kuipata moja. Haikutengenezwa kwa ajili ya kununulia kitunguu; ilikuwa fedha ya matajiri na mabenki, na ya wachimbaji waliokuwa wakirudi makwao na kile walichobahatika kukipata huko California.

Hao wachimbaji ndio waliojaa melini. Tangu dhahabu ilipoonekana California mwaka 1848, njia ya haraka ya kurudi mashariki mwa Marekani haikuwa kukata bara zima kwa gari la ng'ombe. Mtu alipanda meli San Francisco akateremka hadi Panama, akavuka shingo ya nchi kwa reli iliyokamilika mwaka 1855, kisha akapanda meli nyingine upande wa Atlantiki. Abiria wa safari hii waliondoka San Francisco Agosti 20 kwa meli ya Sonora. Septemba 3 wakapanda Central America katika bandari ya Aspinwall, ambayo leo ni Colón. Walipita Havana, wakang'oa nanga Septemba 8 kuelekea New York. Walikuwa watu 578 pamoja na mabaharia. Shehena ya dhahabu iliyoandikwa kwenye hati ilikuwa ya thamani ya zaidi ya dola milioni 1.2. Kwa bei ya siku zile, dola 20.67 kwa aunsi, hizo ni zaidi ya kilo 1,800. Dhahabu ya abiria wenyewe, ile ya kwenye mikanda, masanduku na vifuko vya ngozi, haikuandikwa popote.

Meli ilikuwa ya mvuke, ya mbao, yenye urefu wa mita 85, na ilisukumwa na magurudumu mawili makubwa ya chuma yaliyofungwa ubavuni. Nahodha wake, William Lewis Herndon, alikuwa ofisa wa jeshi la majini, mtu aliyewahi kupewa kazi na serikali yake ya kuuchunguza mto Amazon. Kwa ufupi, chombo kilikuwa kimezoea njia ile, na aliyekishika hakuwa mwanagenzi.

Septemba 9 upepo ulianza kuvuma kwa fujo. Kufikia tarehe 11 ilikuwa dhahiri kwamba ni kimbunga, na kwamba meli inavuja. Kilichofuata kilikwenda kwa mpangilio wa kutisha. Maji yalipoingia chombo kiliinama upande. Kilipoinama, mikokoteni ya makaa ikashindwa kufika kwenye matanuri. Moto ukafifia, mvuke ukaisha, na mvuke ulipoisha pampu zikasimama pamoja na magurudumu. Meli isiyo na mwendo haiwezi kuyakabili mawimbi kwa omo, hivyo ikageuka na kuyapokea kwa ubavu. Wanaume wakapangwa safu kutoka chini hadi juu, wakawa wanapokezana ndoo za maji mchana na usiku. Waliochimba mawe ya California miaka mitano walikuwa na mikono ya kazi hiyo, bahari haikujali.

Mchana wa tarehe 12 ikatokea merikebu ndogo ya matanga iitwayo Marine, nayo ikiwa imeumizwa na tufani ileile. Herndon aliamuru wanawake na watoto watangulie, na wote waliokuwemo walivushwa salama kwa mashua. Jumla ya waliofika Marine ilikuwa takriban watu mia moja. Walionusurika walisimulia baadaye kwamba katika saa zile za mwisho watu walifungua vifuko vyao na kumwaga dhahabu sakafuni, anayetaka ajichotee, na wasiinamie kuiokota. Kila gramu kiunoni ilikuwa jiwe la kumvuta mtu chini. Kwa wengine ndiyo ilikuwa mali yao yote duniani.

Saa mbili usiku meli ilizama kwa tezi. Walioshuhudia walisema nahodha aliingia chumbani, akavaa sare yake kamili, akarudi kusimama juu. Wanaume wapatao hamsini waliokotwa usiku huo na jahazi la Kinorwe, Ellen, ambalo nahodha wake alieleza kwamba ndege alimvamia usoni mara tatu jioni ile, akaona ni ishara na kubadili mwelekeo wa chombo. Watu watatu zaidi waliokolewa baada ya zaidi ya wiki moja ya kuelea baharini. Karibu watu 425 walikufa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha jeshi la majini la Marekani, Annapolis, hupanda kila mwaka mnara wa mawe uliopakwa mafuta ili uteleze. Huo ni mnara wa Herndon, na sina hakika kwamba kila anayeteleza pale anakumbuka kwa nini ulijengwa.

Habari za kuzama zilifika New York katika wakati mbaya. Mara nyingi husemwa kwamba Central America ndiyo iliyoleta mtikisiko mkubwa wa mabenki wa mwaka 1857. Hapo chumvi imezidi. Kampuni ya fedha ya Ohio Life ilianguka Agosti 24, dhahabu ikiwa bado haijafika hata Panama, na hofu ilikuwa imeshaenea mjini. Kilichofanyika ni kwamba mabenki yaliyokuwa yakingoja dhahabu ya kutuliza wateja yaliambiwa dhahabu iko chini ya Atlantiki. Katikati ya Oktoba mabenki ya New York yaliacha kulipa watu kwa dhahabu na fedha.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha hadithi ya sarafu hizi, na wauzaji wake hawakitaji sana kwa sababu hakina mapambo. Chukua sarafu moja kati ya zile 5,400 na useme meli ilifika salama. Ingeingia benki. Ingelipwa kwa mfanyabiashara, akailipa kwa mwingine, ikagongana na wenzake kwenye gunia mwaka baada ya mwaka. Baadhi zingesafirishwa Ulaya kulipia bidhaa na kuyeyushwa huko. Iliyovumilia yote hayo ingekutana na amri ya Rais Roosevelt ya Aprili 1933, iliyowataka wananchi wasalimishe dhahabu yao serikalini. Sarafu adimu ziliachwa kwa wakusanyaji, lakini mnamo 1933 nani angeihesabu hii kuwa adimu? Ingeyeyushwa ikawa mche wa dhahabu usio na mwaka wala jina, ukalazwa ndani ya ghala la Fort Knox. Sarafu za meli hii zimetufikia zikiwa na sura zao kwa sababu moja tu: hazikufika zilikotumwa. Kuzama ndiko kulikoziokoa.

Ziliokolewa pia na kina cha maji. Meli iliyovunjika kwenye mwamba wa pwani husagwa na mawimbi, na sarafu zake husuguliwa na mchanga hadi zikawa kama vifungo vya shati. Central America ilitua mita 2,200 chini, mahali pasipo mwanga na penye baridi kali, ambako mawimbi hayana habari. Masanduku ya mbao yalioza taratibu na sarafu zikabaki zimesimama kama zilivyopangwa na karani wa San Francisco, mnara juu ya mnara. Fedha ikilala chumvini huliwa. Dhahabu haili chumvi wala hailiwi nayo.

Kuipata meli katika kina kile kulikuwa, hadi miaka ya 1980, ndoto ya wenye pesa za kuchezea. Aliyeifanya iwe kazi ya kihandisi ni Tommy Thompson wa Columbus, Ohio. Hakuanza na mashine. Alianza na makaratasi. Yeye na mwanajiolojia Bob Evans walikusanya kila simulizi ya walionusurika na manahodha wa vyombo vilivyokuwa karibu: nani aliiona meli saa ngapi, upepo ulitoka wapi, walioelea waliokotwa wapi. Simulizi hazikukubaliana, kama zisivyokubaliana za ajali yoyote ya barabarani. Wakampelekea mtaalamu wa hisabati za utafutaji, Lawrence Stone, ambaye badala ya kuchagua shahidi mmoja wa kumwamini aliwapa wote uzito tofauti. Akachora ramani yenye vyumba vidogovidogo, kila chumba kikiwa na nambari ya uwezekano wa meli kuwemo. Eneo lote lilikuwa kilomita za mraba zipatazo 3,600. Wakalipiga sauti chini, mstari kwa mstari, kama mkulima apigavyo matuta.

Kulikuwa na kioja katikati. Mwaka 1987 waliiona meli waliyodhani ndiyo, wakapandisha kipande cha makaa ya mawe na kukipeleka mahakamani Norfolk, Virginia, ili mahakama iwatambue kuwa wanaoshikilia mabaki. Kipande kilitosha kisheria, ila meli haikuwa yenyewe. Ile ya kweli ilionekana Septemba 1988, gurudumu lake la chuma limelala kwenye tope. Baadaye ikapandishwa kengele yenye mwaka 1853, mwaka ambao meli ilianza safari. Roboti yao, Nemo, ilikuwa na mikono, taa, kamera na kifaa kimoja ambacho binafsi nakiona ndicho cha busara kuliko vyote: ilimimina silikoni juu ya rundo la sarafu, ikangoja ikauke, kisha ikanyanyua bonge zima bila sarafu moja kukwaruza nyingine. Mhandisi mwingine angeleta koleo. Hawa walielewa mapema kwamba hawachoti dhahabu, wanachota uso wa dhahabu.

Mchimbaji wa Geita angewashangaa. Kwake dhahabu ni dhahabu: inapimwa, inalipiwa kwa gramu, na mkwaruzo haupunguzi senti. Kwa mkusanyaji, mkwaruzo wa unene wa unywele shavuni mwa sanamu unaweza kuondoa maelfu ya dola. Soko la sarafu za Marekani hutumia ngazi ya 1 hadi 70, iliyobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba. Kutoka 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikutumika. Kati ya 64 na 66 macho ya mtu wa kawaida hayaoni tofauti yoyote, lakini pochi yake itaiona.

Kufikia mwaka 1991 walikuwa wamepandisha sarafu zaidi ya 7,000 na mikuo ya dhahabu zaidi ya 500. Mkubwa kuliko yote, uliopewa jina la Eureka, ulikuwa na uzito wa aunsi 933.94, yaani kilo 29, na ulipigwa mhuri na wasafishaji Kellogg na Humbert wa San Francisco pamoja na thamani yake ya wakati ule, dola 17,433.57. Mwaka 2001 uliuzwa kwa dola milioni 8.

Lakini kabla ya kuuza kuna mahakama. Kampuni za bima zilijitokeza kudai kwamba babu zao walilipa fidia mwaka 1857 na kwa hiyo dhahabu ni yao. Kesi ilizunguka miaka kadhaa, ikapanda rufaa na kushuka. Mwisho wake, mwaka 1996, waliopandisha dhahabu walipewa takriban asilimia 92 kama malipo ya uokoaji. Mwaka 2000 mzigo mkubwa ukanunuliwa na kundi la wafanyabiashara wa California lililoongozwa na Dwight Manley, kwa karibu dola milioni 50.

Manley alikuwa na tatizo ambalo linastahili kufundishwa vyuoni. Alikuwa ameshika maelfu ya sarafu za aina moja, na kila mkusanyaji duniani alijua anazo. Angezimwaga sokoni kwa pupa angeziua mwenyewe, na pamoja nazo angeua ile sarafu ambayo mzee fulani alikuwa ameinunua kwa bei ya kuruka mwaka 1975. Alichofanya ni kubadilisha bidhaa. Alijenga mfano wa ubavu wa meli wenye urefu wa mita 15 na kuufungulia maonyesho Long Beach mwaka 2000, umati ukapita kutazama. Sarafu zikafungwa moja moja ndani ya plastiki ngumu yenye nambari na maandishi ya jina la meli. Kuanzia hapo hakuna aliyekuwa ananunua sarafu ya 1857 tu. Alinunua abiria wa Central America.

Nakiri kwamba jambo hili linanikera kidogo na kunivutia kidogo. Linanikera kwa sababu watu 425 walikufa, na vifo vyao sasa ni sehemu ya maandishi ya lebo. Bila vifo hivyo bei ingekuwa nyingine. Hamasa ilifika mbali: sarafu zilizopandishwa katika awamu ya pili, mwaka 2014, ziliwekwa kwenye plastiki pamoja na chembechembe za vumbi la dhahabu kutoka mabaki hayohayo, ziking'aa chini ya sarafu kama pambo la harusi. Vumbi lile linaweza kuwa ndilo lililomwagwa sakafuni na mtu aliyekuwa anajiandaa kufa. Na linanivutia kwa sababu nje ya ile plastiki hakuna njia rahisi ya kujua sarafu imetoka wapi. Ivunje, uitoe, uichanganye na nyingine ya mwaka ule, na ukoo wake umekatika. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga waliokuwa wafanyabiashara wazuri kuliko tunavyowakumbuka.

Kazi ya kuzisafisha ilikuwa ya Bob Evans. Dhahabu haikuharibika, lakini injini na boila za meli zilikuwa zimeoza kwa miaka zaidi ya 130 na kutu yake ilizifunika sarafu nyingi kwa gamba jekundu na jeusi. Kulisugua gamba hilo kungekuwa kuua sarafu. Evans alitumia maji ya kikemikali yanayoyeyusha gamba bila kuugusa uso wa chini, na mchanganyiko wake aliufanya siri. Alipokuwa akiziosha alizipanga pia kwa alama ndogondogo zilizoachwa na mihuri tofauti ya kiwanda, mwiba kidogo kwenye ngao hapa, herufi S iliyonona pale, hata wapo wakusanyaji ambao leo hawatafuti sarafu ya 1857 kwa jumla bali muhuri fulani kati ya mihuri iliyotumika miezi ile. Hicho, kwa maoni yangu, ndicho chumba cha heshima kuliko vyote katika nyumba hii ya biashara. Mtu anayeketi na lenzi akilinganisha mihuri anajifunza jinsi kiwanda kilivyofanya kazi, na hahitaji kufunguliwa muziki wa huzuni.

Kwa anayetaka kununua, na Waswahili wenye uwezo huo wapo, Dubai na London kama walivyopo Dar es Salaam, jambo la kwanza ni kutenganisha hesabu mbili. Ipo thamani ya dhahabu, ambayo hubadilika kila siku na anaweza kuijua kwa simu yake: gramu 30 mara bei ya siku. Juu yake ipo thamani ya hali ya sarafu na jina la meli, ambayo haina soko la kila siku. Inategemea atakayeinua mkono mnadani. Dhahabu ikipanda sana, sehemu ya kwanza huimeza ya pili, na muuzaji mjanja atakuonyesha faida ya dhahabu akiita faida ya historia. Pili, nambari iliyo kwenye plastiki ilinganishwe na kumbukumbu za kampuni iliyoipima, kwa picha, maana wapo wanaoghushi sarafu na wapo wanaoghushi plastiki yenyewe. Tatu, sarafu ya fedha kutoka meli iliyozama ni kitu kingine kabisa. Meli ya SS Republic, iliyozama mwaka 1865 na kupatikana mwaka 2003, ilitoa nusu dola nyingi za fedha zilizotafunwa na chumvi, na hizo hazipewi hata nambari ya kawaida ya ngazi. Huandikwa tu kwamba zimeathiriwa na bahari. Hizo ni kumbukumbu nzuri ya kuweka mezani, na zinunuliwe kwa bei ya kumbukumbu.

Huku kwetu swali la kununua halina nafasi kubwa, kwa sababu jibu lililotolewa ni jingine. Fragata ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, Mombasa, wakati ngome imezingirwa na Waomani. Ilichimbuliwa kati ya 1977 na 1980, na vilivyopatikana vikabaki kwenye makumbusho ya ngome hiyohiyo: vyombo vya udongo, kauri za Kichina, mabaki ya mbao. Hakuna kilichopelekwa mnadani. Namibia ilikuwa na kishawishi kikubwa zaidi. Mwaka 2008 wachimba almasi wa Oranjemund, wakiondoa mchanga nyuma ya ukuta wa kuzuia bahari, walikuta shaba, meno ya ndovu na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, nyingi za Kihispania. Inaaminika kuwa ni Bom Jesus, meli ya Kireno iliyoondoka Lisbon mwaka 1533 kwenda India. Ureno haikudai kitu, Namibia haikuuza kitu, na dhahabu ikawekwa kwenye hifadhi ya Benki Kuu ya Namibia.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 uko upande wa Namibia: mabaki yaliyokaa chini ya maji zaidi ya miaka mia yasifanywe biashara. Marekani haijauridhia. Mimi nina huruma na mkataba huo, lakini si bila maswali. Sarafu iliyofungiwa benki haijifunzi wala haifundishi, na mkusanyaji mmoja mwenye lenzi ameandika kuhusu mihuri ya San Francisco mambo ambayo ghala lolote la serikali lingeyalaza. Kwa upande mwingine, bonge la silikoni linaokoa sura ya sarafu na kuacha nyuma mbao, viatu, barua na mifupa, vitu visivyo na mnada. Timu ya Thompson walau ilipandisha sanduku la nguo la maharusi wa safari ile, Ansel na Addie Easton, mashati yakiwa bado yamekunjwa. Wengi wasingehangaika.

Na waliotoa mtaji? Wawekezaji 161, wengi wao wakiwa watu wa Ohio, walichanga dola milioni 12.7. Baada ya mauzo ya mwaka 2000 walisubiri. Madeni na wanasheria walilipwa. Wao walibaki wakitazamana, na mwaka 2005 baadhi yao wakaenda mahakamani. Mafundi waliofanya kazi kwenye meli ya utafutaji nao wakashtaki. Mwaka 2012 Thompson aliitwa mbele ya jaji, hakutokea, akatoweka. Alikamatwa Januari 2015 katika hoteli moja huko Boca Raton, Florida. Wakati huohuo, mwaka 2014, kampuni ya Odyssey ilikuwa imekwenda kwenye mabaki kwa niaba ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na kupandisha mikuo mingine 45 na sarafu zaidi ya 15,500 za dhahabu na fedha. Mahakama ikafanya kilichomshinda mgunduzi: ikauza mzigo ule ili wadai walipwe.

Thompson alitakiwa kusema sarafu 500 ziko wapi. Alisema zimekabidhiwa amana huko Belize, kisha akasema hawezi kueleza zaidi. Desemba 2015 aliwekwa ndani kwa kuidharau mahakama, pamoja na faini ya dola 1,000 kwa kila siku ya kutojibu, akakaa humo hadi Januari 2025, jaji alipoona kwamba kumfunga zaidi hakutamfanya aseme, akaamuru aanze kutumikia kifungo kingine cha miaka miwili. Kwa taarifa ya yeyote atakayefikiria kwenda kuzitafuta, sarafu hizo si za mwaka 1857. Zilipigwa karne yetu hii, kwa mikuo ya meli iliyoyeyushwa, ziwe ukumbusho.